Mpaka Adhana Inapofika

Miaka ya Hali ya Hatari iliyotangazwa na wakoloni ilinikuta Meru mjini, kijana niliyeacha shule darasa la nne na kuchoshwa na kila kazi niliyoshika. Nililala stoo kwa mwenye bucha mmoja Mwislamu, nyuma ya chumba alichoishi na mkewe. Mke alikuwa mzaliwa wa Manyatta, upande wa Embu, na mikono yake haikutulia bila udongo. Mlangoni alipanda njahi, maharagwe meusi ya kwao, ndani ya debe. Kuku wa jirani walizifukua, naye akapanda tena.

Vizuizi vilipoanza kulegezwa, watu wakaanza kuhamia pembezoni mwa mji. Walisema wamechoka na moshi, na choo kimoja kwa nyumba sita. Yeye hakutaja hayo. Alikuwa ameona kiwanja ng'ambo ya kijito, akakiomba kwa mumewe asubuhi na jioni. Mume akatoa sharti moja: atahama, lakini asivuke pale adhana ya msikiti wake inapoishia. Enzi hizo muadhini aliita kwa koo lake tu.

Nikatumwa mimi kupima, maana nilijulikana kwa kutembea bila sababu. Adhuhuri nikasimama katikati ya kiwanja, nimezuia pumzi. Nilisikia kijito. Nilisikia mbuzi wa mtu. Basi.

Nikarudi nikasema kweli, na yule mke akanitazama kama niliyekanyaga miche yake. Mumewe aliendelea kunoa kisu, roho yake imetulia.

"Bwana," mke akasema taratibu, "ukiita watu waje kununua matumbo, hata askari wa kizuizi cha barabarani hugeuka. Huko ng'ambo utakosa sauti ya kuita sala?"

Mume akasema yeye si muadhini.

"Na yule alizaliwa muadhini?"

Kisu kikanyamaza.

Walihama wiki ile ile, mchana, mapema kabla ya kafyu. Mimi nilibeba debe la njahi. Alasiri bwana akasimama nje ya nyumba mpya, akakohoa mara mbili, akaadhini. Mkewe alikuwa ameshaanza kulima. Alisimamisha jembe mpaka mumewe alipomaliza.

Mwaka uliofuata nilipita tena, nikamkuta fundi cherehani amejenga karibu nao. Nikamwuliza kwa nini hakuchukua kiwanja kikubwa kule mlimani, kulikokuwa bado wazi. Akaelekeza kidole mlangoni kwa mwenye bucha.

"Kule juu hasikiki," akasema.