Mke Mwenza wa Bati

Mama mkubwa Mwantumu wa Likunja alikuwa mwanamke wa wivu, na mimi simpunguzii. Ukimsifia mumewe kanzu, atakuuliza uliiona wapi. Lakini wale wanaocheka mpaka leo kwamba aliionea wivu ndege, wanajua kicheko tu, kisa hawakijui. Mimi ni mtoto wa mdogo wake, nimelelewa jikoni mwake, nami nimemchoka kila anayekisimulia vibaya.

Mumewe, Bashiri, alirudi kutoka vita vya Burma amekonda na hasemi. Akaja kukaa ukweni, kama ilivyo desturi yetu, akalima ufuta na mihogo katika shamba la upande wa mke. Katika vita vile vyote alikuwa na habari moja tu ya kusimulia. Walikwama milimani, mvua haikatiki, chakula kimekwisha, wanatafuna majani. Ndipo ikaja ndege kubwa ya mabomu, ikapita karibu na vichwa vya miti, na badala ya mabomu ikadondosha magunia ya mchele.

"Tulipikia kofia za chuma," alisema. "Tangu nizaliwe sijala wali mtamu kama ule."

Siku hiyo mama mkubwa alikuwa amempikia wali wa nazi. Akaondoa sahani mbele yake kabla hajamaliza.

Halafu wakaja Wazungu wa karanga, wale wa mradi wa mashamba makubwa. Nachingwea ikafyekwa, pori likalala chini, ukajengwa pia uwanja wa ndege. Bashiri alikwenda kutafuta kibarua cha kung'oa visiki, na pale uwanjani akaiona. Ilikuwa ndege ya aina ileile, mzee wa vita aliyetolewa mabomu tumboni ili abebe vyuma vya matrekta. Ubavuni ilikuwa na viraka vya bati palipopita risasi. Bashiri alisimama akiitazama mpaka wenzake wakamwacha. Visiki hakuving'oa tena.

Masika moja ndege hiyo iliteleza ikitua, magurudumu yakavunjika. Wakaing'oa injini, wakaisukuma pembeni kwenye majani, wakahitaji mlinzi. Ni nani angeigombea kazi hiyo kama si Bashiri?

Mwanzo alikuja nyumbani kila Ijumaa. Baadaye Ijumaa zikaanza kurukwa, zikaja salamu na sukari kwa mkono wa dereva wa lori. Na alipokuja mwenyewe, hadithi ilikuwa moja: amefuta vioo vyake, ametoa viota vya nyigu, yule kwa vita alivyoviona anastahili kupumzika vizuri. Sabaha, jirani yetu, ambaye mdomo wake haukuwahi kufungwa, akamwambia mama mkubwa kisimani, "Shoga, wenzako huletewa mke mwenza mwenye miguu. Wewe wako ana mabawa."

Wanawake walicheka. Mama mkubwa alijitwika mtungi wake, hakwenda nyumbani, akapitiliza hadi kwa mjomba wake Mikidadi, aliyesimamia ndoa yake.

"Mjomba, mume wangu ana mke mwenza. Nataka zamu zangu."

"Ni nani huyo?"

"Ndege."

Mzee alianza kucheka, akamtazama usoni, akaacha. Akafikiri. "Mke mdogo ndiye huletwa kumwamkia mkubwa," alisema. "Lakini huyu hawezi kutembea. Basi nenda wewe ukamwone."

Mjomba alidhani mpwa wake akishaliona lile bati ataona aibu, atarudi shambani kimya. Hapo alikosea. Mwanamke mwenye wivu humpeleki kwa mwenzake ukategemea atulie.

Alipanda lori hadi Nachingwea. Bashiri alimpokea kwa furaha, akamzungusha: hapa alikaa mpiga bunduki, hapa yalifunguka mabomu, shika hapa uone kiraka. Mama mkubwa alishika. Kisha akaingia ndani, na ndani ya tumbo la ndege akakuta mkeka umetandikwa. Ulikuwa mkeka wake wa harusi, wa ukindu wenye mistari myekundu, aliousuka kwa mkono wake. Bashiri alikuwa amemwambia uliibiwa njiani.

Aliukunja. "Huyu atandike wa kwake."

"Mama Zena, huku kuna baridi."

"Mwambie akufunike."

Akaurudisha Likunja kichwani, na watu wote wa lori wakijua ni wa nini. Bashiri hakuja kipupwe chote. Dereva alituambia analala juu ya bati tupu, na hilo ndilo lililomuuma mama mkubwa kuliko mkeka.

Mjomba Mikidadi sasa hakuwa na mzaha. Alisema ufuta ukivunwa na huyu mkwe hajarudi, jembe lake na shoka lake vitawekwa nje. Kwetu mwanamume akikuta zana zake nje ya mlango, haulizi, ndoa imekwisha. Ufuta ukavunwa. Mjomba akaja asubuhi, akatoa jembe na shoka, akaviegemeza ukutani. Mama mkubwa aliyetaka zamu zake akalilaza lile jembe chini, akalikalia, akasema amechoka, atainuka akipumzika. Akakaa hapo hadi jua la mchana.

Wakati huo Wazungu wa karanga walikuwa wamekwisha shindwa, wanafunga mizigo. Ndege ikauzwa kwa mafundi wa vyombo, wakaikata kwa mashoka, wakaiyeyusha. Haya tuliyajua alipotokea Bashiri kwa miguu, vumbi hadi kwenye nyusi, amebeba furushi. Alimwona mkwewe, akaona shoka ukutani, akaona mkewe alipokaa. Akafungua furushi. Ndani mlikuwa na sufuria nzito, imepinda upande mmoja.

"Wamemkata," alisema, na akalia mbele ya mjomba wa mkewe, jambo ambalo mwanamume wa kwetu halifanyi.

Mama mkubwa alimtazama. "Na mimi nikifa utanililia hivyo?"

"Kule Burma wewe hukuwepo," alisema Bashiri. "Yeye alikuwepo, akanilisha. Nimeomba kipande chake nikafuliwa hii. Nataka nile wali wako humu."

Asiyekuwepo na lake halipo. Mama mkubwa aliijua methali hiyo, na hakuna siku ilipomuudhi kama hiyo. Lakini aliinuka, na jembe akaliingiza ndani yeye mwenyewe. Akaisugua sufuria kwa mchanga mpaka vidole vikamuuma, akapika. Bashiri akala, hakubakiza.

"Mtamu?"

"Mtamu."

"Kuliko ule?"

Bashiri alikwisha danganya mara moja, kwa ule mkeka; mara ya pili hakutaka. Alipoinuka kwenda kuiosha sufuria, yeye ambaye hakuwahi kuosha hata kikombe, mama mkubwa alimpokonya mkononi. Tangu siku hiyo hatukuruhusiwa hata sisi watoto kuigusa. Aliisugua miaka na miaka, kwa hasira, mpaka ikatoboka.

Nilifikiri sasa ataitupa. Akaipeleka kwa fundi mwenyewe, ikazibwa. Nilimuuliza kwa nini asiachane nayo akapumzika.

"Nikiitupa ataikumbuka," alisema. "Ikiwa hapa jikoni, mke mkubwa ni mimi."