Asante Moja ya Katibu

Mama Pacha alikuwa na mke mwenza, na mke mwenza huyo alikuwa simu. Ndivyo alivyosema mwenyewe mbele ya wageni, tena kwa sauti ya kumfikia jirani. Kila asubuhi, kabla mumewe hajafungua karakana, kabla hata hajanawa uso vizuri, alikuwa ameshakaa kwenye kiti cha plastiki kando ya dirisha, miwani puani, kidole kikisukuma maandishi juu na chini.

"Mwacheni," Mama Pacha aliwaambia wageni. "Yuko kwa bi mdogo. Akitoka huko atakuja kunywa chai."

Mumewe watu walimwita Fundi Baridi, kwa sababu kazi yake ilikuwa kutengeneza friji, na pia kwa sababu hakuwa mtu wa kupandisha sauti. Na ndani ya simu, bi mdogo mwenyewe alikuwa baraza la mtandaoni la mafundi friji, ambalo yeye na rafiki yake Katibu walilianzisha miaka tisa nyuma wakiwa watu wawili tu, wakiulizana na kujibizana wenyewe. Sasa lilikuwa na watu elfu sita. Fundi wa mbali akikwama, friji inanguruma lakini haigandishi, aliuliza humo, na mara nyingi aliyemjibu alikuwa Fundi Baridi: pima kwanza umeme unaoingia, sikiliza kompresa, paka povu la sabuni kwenye viungo vya mabomba uone gesi inatokea wapi. Aliandika kwa kirefu na hakumdharau mtu. Mtaani alikuwa fundi mmoja kati ya wengi, mwenye karakana ya bati na meza mbili za kuombaomba. Barazani alikuwa mtu wa kusikilizwa, na hilo alilipenda kuliko alivyokuwa tayari kukiri.

Katibu hakuwa fundi. Alikuwa na duka la kutoa kopi na kuchapa barua, na jina la Katibu lilimganda tangu enzi za kamati ya wazazi shuleni, kamati ambayo ilishakufa siku nyingi na hakuna aliyeilia. Yeye ndiye aliyejua kompyuta. Kwa hiyo waligawana: Katibu aliangalia mitambo, Fundi Baridi aliangalia haki.

Na haki kwa Fundi Baridi ilikuwa jambo la kuandikwa. Yeye ndiye aliyebuni Ukuta wa Sababu, ukurasa ambao kila mtu aliweza kuusoma. Msimamizi akifuta ujumbe wa mtu, lazima aandike pale: ujumbe gani, nani kaufuta, kwa nini. Aliwahi kufuta maneno ya shemeji yake, kaka wa Mama Pacha, aliyemtukana fundi mwenzake, akaandika ukutani bila kupepesa: "Nimefuta mimi. Matusi. Aliyeandika ni shemeji yangu." Shemeji alinuna miezi minne. Baraza zima lilimheshimu Fundi Baridi kwa siku hiyo.

Kitu kimoja tu hakikuandikwa ukutani, nacho ni kufunika. Katibu ndiye aliyekigundua kitufe chake. Ukimfunika mtu, yeye haoni tofauti yoyote. Anaandika, anayaona maneno yake yamekaa pale pale, lakini watu wengine hawaoni kitu. Kilikuwa cha matapeli, wale wanaouza gesi isiyokuwepo. Tapeli ukimfukuza waziwazi anarudi baada ya saa moja na jina jipya, lakini ukimfunika anabaki kuhubiria viti vitupu. Fundi Baridi alikubali. "Matapeli hawadaiwi sababu," alisema, na siku hiyo yeye na Katibu walicheka mpaka machozi wakimtazama mmoja akitangaza mitungi yake kwa wiki nzima bila mtu kumsikia.

Mwaka huu Fundi Baridi alifanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho. Akamkabidhi Katibu funguo zote za baraza, yaani usimamizi wote, mpaka apone. Alipopona, Katibu akamwambia, "Pumzika, kaka. Wewe sasa andika tu, uwafundishe watu. Haya ya kuamua magomvi niachie mimi." Akaona ni wema, akakubali.

Wiki hiyo hiyo aliona jambo. Fundi mmoja alikuwa ameandika kwamba mfanyabiashara fulani anapaka rangi kompresa kuukuu na kuziuza kama mpya. Asubuhi iliyofuata ujumbe haupo, na ukutani hakuna sababu. Fundi Baridi akauliza hadharani, kwa adabu: nani kafuta, na kwa nini? Hakujibiwa. Akauliza tena. Kimya. Akarudi kwenye friji zake, akaendelea kujibu maswali ya watu, na huko nako kukawa kimya. Hakuna aliyesema "nimejaribu, imekubali." Hakuna aliyebisha. Wiki zikawa miezi.

Mtu akinyamaziwa hivyo hujitafutia kosa mwenyewe. Fundi Baridi aliamini kwamba wamemchoka. Aliona maandishi yake ni marefu mno, akayafupisha. Akayapunguza tena. Alimwambia mkewe siku moja, akiwa anajifanya anatafuta bisibisi, "Nadhani wakati wangu umepita." Alikuwa ameshaanza kuandika ujumbe wa kuaga.

Kilichomzuia ni asante moja. Chini ya kila ujumbe barazani kulikuwa na kitufe cha asante, na idadi ya waliokibonyeza. Zamani yeye alipata thelathini, arobaini. Sasa kila ujumbe ulipata moja, na ilikuwa ya Katibu, haikukosa hata siku moja. Jioni Katibu akipita karakanani kunywa chai alikuwa akisema, "Ile ya leo nimeisoma. Umeandika vizuri sana. Vijana hawa hawasomi vitu virefu, ndiyo shida. Mimi nakusoma." Fundi Baridi alimwongezea sukari.

Basi Jumamosi moja asubuhi shemeji akapiga simu, yule yule wa matusi, friji yake haigandishi. Fundi Baridi, chai mkononi, akamwambia mkewe, "Swali kama hilo nililijibu juzi barazani, tena lote. Msomee."

Mama Pacha hakuwa mwanachama, lakini kusoma kulikuwa bure kwa kila mtu. Akafungua kwenye simu yake, kaka yake akisubiri.

"Jibu lenyewe liko wapi?"

"Shuka chini."

"Nimeshuka."

"Shuka tena."

"Baba Pacha, nimefika sakafuni. Kuna mtu kauliza, kuna mwingine kamwambia anunue friji mpya. Basi, hakuna kingine."

"Nipe hiyo simu. Na wewe miwani unaionea aibu ya nini?"

Akaichukua, akatazama. Akaweka simu mbili sambamba juu ya stuli. Kwenye yake, jibu lilikuwepo, mistari kumi na tisa. Kwenye ya mkewe, hakuna. Akafungua swali la wiki iliyopita: kwake lipo jibu, kwa mkewe halipo. La mwezi uliopita: lipo, halipo. Aliendelea kurudi nyuma mpaka akafika lile swali lake la kwanza, nani kafuta na kwa nini. Kwa mkewe halikuwepo. Kabla ya hapo kila kitu kilionekana kwenye simu zote mbili.

"Kaka, nitakupigia," Mama Pacha alisema, akakata. "Kuna nini?"

"Wamenifunika."

Ilibidi amweleze maana yake. Mama Pacha, ambaye ulimi wake haukuwahi kulala njaa, hakutoa mzaha wowote. Alivuta kiti, akakaa. Halafu akanyoosha kidole kwenye simu ya mumewe. "Sasa kama hakuna anayekuona, hii asante ni ya nani?"

Hapo ndipo ilipomwingia. Ujumbe uliofunikwa huonwa na watu wawili tu: aliyeuandika na msimamizi. Na msimamizi alikuwa mmoja. Ujumbe mia moja na arobaini, asante mia moja na arobaini, zote za mkono mmoja. Miezi saba alikuwa amevikwa kilemba cha ukoka, naye alikivaa kichwani na kushukuru.

Hakunywa chai. Alienda dukani kwa Katibu kwa miguu, simu mbili mfukoni.

Katibu alikuwa anamtolea mama mmoja kopi za cheti cha kuzaliwa. Mashine ilivuma, mwanga wake ukapita chini ya kifuniko, karatasi zikatoka za moto. Fundi Baridi alisubiri mpaka yule mama akaondoka. Adabu haikumtoka hata siku hiyo. Kisha akaziweka simu mbili juu ya kaunta.

Katibu alizitazama. "Ya pili ya nani?"

"Ya Mama Pacha. Kwa nini?"

"Kaa kwanza, kaka."

"Sikai. Kwa nini?"

"Ulikuwa unaleta ugomvi." Katibu alianza kupanga karatasi ambazo zilikuwa zimeshapangwa. "Yule wa kompresa alitaka kunishtaki kwa sababu ya ule ujumbe. Nikaufuta, nikasema yaishe kimyakimya. Wewe ukaja na maswali yako mbele za watu. Ningefanyaje?"

"Ungeandika ukutani."

"Ningeandika nini? Kwamba nimeogopa?"

"Ndiyo. Ungeandika hivyo hivyo."

"Kanuni yako inasema kufuta. Mimi sijafuta hata herufi yako moja. Zote zipo."

Kwa mara ya kwanza Katibu alimsikia Fundi Baridi akipandisha sauti. "Nimekaa miezi saba nadhani watu wamenichoka! Nimeandika ujumbe wa kuaga! Unakuja kwangu, unakunywa chai yangu, unaniambia vijana hawasomi. Na hizi asante je? Hizi ulizibonyeza za nini?"

"Nilikuonea huruma," Katibu alisema kwa sauti ndogo. "Nisingeweza kukufukuza, baraza umelianzisha wewe. Na nilikuwa nazisoma kweli, ujue. Zote nilisoma."

Hilo ndilo lililomuumiza kupita yote, kwa sababu aliliamini.

"Nifunue. Halafu nionyeshe orodha ya waliofunikwa wote."

Katibu aligeuza kompyuta. Yalikuwa majina arobaini na moja, na mbele ya kila jina, jina la msimamizi aliyemfunika. Matapeli walikuwa kumi na wawili. Karibu wote waliobaki walikuwa mafundi tu, watu wa kuuliza mara mbili, na mbele yao limeandikwa Katibu, Katibu, Katibu. Fundi Baridi alishuka nao polepole, hasira ikimtia joto, mpaka akafika majina matatu ambayo mbele yake limeandikwa Fundi Baridi.

Mawili aliyakumbuka, wauza gesi hewa. La tatu lilikuwa la mwanamke aliyejiita Binti Fundi. Alijiunga miaka miwili na nusu nyuma na siku ya kwanza akawaomba watu kumi namba zao za simu. Fundi Baridi aliona ni tapeli, akamfunika, akaenda zake. Sasa alifungua alichoandika baadaye. Alikuwa anatafuta fundi wa karibu atakayekubali kumfundisha kazi. Aliuliza miezi mitano. Aliuliza kuhusu kompresa, kuhusu gesi, kuhusu mitungi. Ujumbe wa mwisho ulisema: "Samahani kama niliwakosea. Mimi ni mgeni tu." Chini yake hakukuwa na asante hata moja.

Alikaa. Kile kiti alichokikataa, alikivuta mwenyewe.

"Chukua funguo zako," Katibu alisema. "Mimi nimechoka."

Fundi Baridi alihamia kwenye kompyuta, akafungua Ukuta wa Sababu, akaanza kuandika kwa vidole viwili. Mteja aliingia na barua ya kuchapa, Katibu akamwambia arudi baadaye. Aliandika majina yote ishirini na tisa ya watu wasio matapeli, na mbele ya kila moja nani alimfunika. Penye sababu za Katibu akaandika: "Hakutoa sababu." Penye jina lake mwenyewe akaandika: "Nilimfunika Binti Fundi. Nilimdhania tapeli, sikuchunguza, sikumwambia, sikurudi kumwangalia. Kosa ni langu." Akawafunua wote, mmoja mmoja, na kumwandikia yule binti ujumbe wa kumwomba radhi pamoja na namba yake ya simu. Kisha akachukua zile simu mbili na kuondoka bila kuaga.

Mchana baraza liliwaka moto. Walikuwepo waliomtukana Katibu, na walikuwepo waliomtukana Fundi Baridi pia, wakisema aliyebuni ukuta ndiye wa kwanza kuuruka. Hakufuta hata tusi moja kati ya hayo. Wengine walishangaa kuona majibu ya miezi saba yamejitokeza ghafla chini ya maswali yao. Mmoja aliandika, "Fundi, mbona hukusema mapema? Ile friji nilishaitupa." Binti Fundi hakujibu.

Jioni Katibu hakupita karakanani. Vikombe viwili vilikuwa vimeshatolewa, kwa mazoea, na Mama Pacha akakirudisha kimoja. Alimkuta mumewe amekaa juu ya kasha la friji kuukuu, simu mkononi, akitazama kile alichoandika ukutani.

"Wangapi?" akamuuliza.

"Asante mia mbili na sita."

"Si haba. Sasa mbona unazihesabu kama mtu aliyeibiwa?"

Hakumwambia kwamba hakuwa akizihesabu. Alikuwa amefungua orodha ya waliobonyeza, akishuka nayo jina kwa jina hadi mwisho, kisha akaanza tena juu, akitafuta jina la Katibu. Alijionea aibu kulitafuta, na halikuwemo.