Tarehe Tisa Desemba na Nyumba ya Baba

Mwaka 1961 nilikuwa na miaka tisa, na shida zangu zilianza tarehe tisa Desemba, siku ile ile Tanganyika ilipopata uhuru.

Enzi zetu mtoto hakusherehekea kuzaliwa. Wajukuu zangu siku hizi wananunuliwa keki, halafu wanamwagiana ndoo za maji na kupiga picha. Sisi maji tulichota mferejini, na aliyeyamwaga alichapwa.

Asubuhi ile Kilema nzima, kwetu mlimani Kilimanjaro, ilinukia mbege, pombe yetu ya ndizi. Mwenge ulikuwa umewashwa kileleni, wakubwa wako barabarani wanaimba, na sisi watoto tulikalia magome ya mgomba tukateleza mteremkoni mpaka kaptula zikatoboka. Nilikuwa na raha zangu. Kwetu Wachaga, kitindamimba wa kiume ndiye hurithi nyumba ya wazazi na kihamba, yaani shamba la migomba na kahawa linaloizunguka. Mkubwa hupewa sehemu yake. Wa katikati hujitafutia. Nasi tulikuwa wawili tu wa kiume, mimi ndiye mdogo.

Ila mama alikuwa mjamzito, na baba alikuwa kitandani wiki ya tatu, kifua kimembana.

Saa nne shangazi akatoka chumbani kwa mama akifuta mikono. "Ni wa kiume," akasema.

Baba mdogo, kata ya mbege mkononi, akanigeukia. "Pole mwanangu. Wenzako leo wanapewa nchi, wewe unanyang'anywa nyumba."

Watu walicheka. Mimi nilikwenda kwa baba, labda yeye atasema vingine. Aliniangalia weee.

"Wewe miguu yako ina nguvu," akasema. "Utashuka utafute kwako. Mdogo wako usimchukie, hakuomba kuzaliwa."

Alasiri baba akafa. Mtori, supu ya ndizi na nyama aliyopikiwa mama kwa ajili ya uzazi, ukaliwa na waombolezaji.

Darasa la tatu sikumaliza. Nilishuka mjini kubeba zege, halafu bondeni Chekereni kulima mpunga, wakati watu wa mlimani wanadharau tambarare, eti huko ni mbu na homa. Homa niliugua, siwezi kudanganya. Mpunga nao ulikubali.

Mdogo wangu yuko kihambani mpaka leo. Kila tarehe tisa Desemba napanda, tunasali kaburini kwa baba, kisha tunakula ndizi.

"Shikamoo kaka, karibu kwako."

"Marahaba. Hapa ni kwako, mimi kwangu ni bondeni."

Tunacheka kama wazee tulivyo. Lakini mifereji mingi imekauka, migomba imepungua, na vijana wanakata vipande vya kihamba wanunue bodaboda. Mteremko wetu umejengwa ukuta. Raha ile ya magome wajukuu hawataijua, na nawaonea huruma.

Mimi nina nyumba ya vyumba vinne mtaa wa Soweto, kule mjini. Nina eka tatu za mpunga Chekereni, mashine moja ya kukoboa na ng'ombe wawili wa maziwa. Nina watoto watano, watatu wa kike. Nimeshawagawia, wote sawa, na hata wa katikati amepata.