Neno Moja Redioni Kuhusu Maziwa ya Jirani

Miaka ya tisini hatukuwa na simu ya kumfikia mtu katika kambi ya wakimbizi ya Dagahaley. Tulikuwa na taar, redio ya kupokezana maneno. Ulikwenda kibandani hapa Garissa, mwenye redio akakuitia mtu wako. Ulizungumza na mmoja, lakini yeyote mwenye redio kwenye masafa hayo alisikia. Nililijua hilo, na bado niliongea kana kwamba niko chumbani na shemeji yangu.

Shemeji alikuwa na duka huko kambini. Aliuliza habari za nyumbani, nikamwambia mvua hakuna. Kisha nikaongeza, "Na maziwa ya ngamia mnayoletewa na yule mama wa Galbet, yaangalieni. Anatia maji."

Akacheka. "Kumbe huku tunakunywa mto Tana."

Mama huyo alikuwa jirani yangu mtaani Galbet, mjane aliyelea watoto kwa maziwa hayo. Nilikuwa nimenunua kwake nikayaona mepesi. Sikuwa na ushahidi mwingine. Kabla ya Ijumaa madumu yake yalirudi kutoka kambini yakiwa yamejaa, maziwa yamechacha.

Alinishtaki kwa wazee. Tuliketi uani kwa mmoja wao, mtaa wa Waberi. Nikajitetea kwamba nilisema na mtu mmoja tu. Mwenye redio akasema, "Mimi nabonyeza kitufe. Maneno ni yake." Shemeji alituma ujumbe kwamba yeye alicheka tu. Nikauliza basi aliyeharibu biashara ni nani, mimi niliyesema au wale waliorudia?

Mzee mmoja akaniuliza, "Baba yako alikuwa na ngamia?"

"Alikuwa nao."

"Ngamia akikaa siku nyingi bila maji, maziwa yake huwaje?"

Nikainama. Huwa mepesi. Nililijua hilo kabla ya kujua kusoma, kisha nikakaa ofisini hadi likanitoka.

Nilitozwa haal, fidia ya kumvunjia mtu heshima, na nikaamriwa kuyakana maneno yangu kwenye taar. Haal nililipa bila ubishi. Kibandani nikasema wazi kwamba nilikosea, mama wa Galbet hatii maji.

Sauti nisiyoijua ikaingia. "Mama gani huyo anayetia maji?"

Nikaeleza upya. Mwingine akasema, "Huyo amelazimishwa na wazee." Kesho yake nilirudi kueleza tena, na kesho kutwa.

Siku ya nne mama alinijia mlangoni.

"Walaal, acha," alisema. Hata siku hiyo aliniita ndugu. "Tangu uanze kunisafisha, hata watu wa Wajir wameanza kuuliza kama natia maji."

"Sasa nifanye nini, abaayo?" nikamuuliza, nami nikimwita dada.

Alisema hata yeye hajui. Kisha akauliza kama namfahamu mtu anayeweza kununua madumu yake matupu.

Nilimtajia mmoja.