Hotuba Niliyoipunguza

Kaka wa rafiki yangu alipochaguliwa diwani huko kusini mwa Chile, nilifurahi kuliko dada mtu. Mimi na rafiki huyo tulikuwa tukifanya kazi hospitali moja ya Al-Murabba, Riyadh: yeye akiwanyoosha wagonjwa viungo, mimi na shahada yangu ya siasa kutoka Dar nikipanga mafaili. Yeye na kaka yake ni Wamapuche, watu waliokuwepo kule kabla ya serikali iliyowachukulia ardhi. Baba yao alikuwa amemwonya kijana wake waziwazi: ukikaa kwenye kiti chao, utaongea kama wao.

"Dada, haya si ndiyo uliyosomea?" rafiki yangu akaniuliza kwenye chumba cha chai. "Hebu nitazamie hotuba yake ya kwanza."

Akanisomea, akiitafsiri kwa Kiingereza. Ukurasa mzima wa mwanzo ulikuwa majina: babu wa upande wa baba, bibi wa upande wa mama, mto waliozaliwa kando yake. Siku mbili nikawaza. Niliwaona kichwani madiwani wakitazama saa. Nilimsikia bosi wangu akizikata barua zangu, "Halas, basi, mistari mitatu!" Mwishowe nikasema ukurasa ule utoke, aanze moja kwa moja na suala la maji. Waliniamini.

Tukaitazama video kwenye simu yake, mchana, chakula kikipoa. Kaka alisimama, akaanza na maji, akaongea vizuri hata nikatabasamu. Nyuma yake wazee wa jamii yao, waliosafiri kwa basi tangu alfajiri, wakanyanyuka mmoja mmoja, wakatoka. Baba yake alikuwa wa pili kutoka. Madiwani wakapiga makofi.

Nikasimamisha video. "Wamekasirishwa na maji?"

"Kwetu mtu husema kwanza ametoka kwa nani. Asiposema, hakuna aliyemtuma."

"Lakini mimi ndiye..."

"Najua. Umemshauri kama serikali, dada."

Akacheka kidogo. Afadhali angenizaba kofi. Mimi, niliyelelewa kwenye nyumba ambayo mgeni haulizwi shida yake kabla ya kuulizwa habari za nyumbani kwake, sikuona kitu.

Wazee wakatuma neno: kaka apite nyumba kwa nyumba ajitambulishe upya, ndipo waamue kama bado anawasemea. Diwani mzima. Wiki ile ile akaanzia kwa baba yake. Alisimama nje, akataja majina yote hadi la mwisho.

Mlango haukufunguliwa.