Kamati ya Msiba Yanunua Kompyuta

Jumanne ya pili ya mwezi wa nne nilimpoteza mke wangu. Alhamisi, watu wakiwa bado wanalala matangani kwetu Igoma, tukapoteza na kompyuta yake. Spika za msiba zilichomekwa kwenye soketi ya studio yake ya nyumbani, umeme ukakatika, na uliporudi ulirudi na hasira. Wengine walinipa pole ya vyote viwili kwa pumzi moja.

Mke wangu alikuwa akipiga picha za harusi na kurekodi kwaya. Diski ilipona, na ndani yake kulikuwa na wimbo ambao hakuumaliza, wenye sauti yake. Nilitaka kuisikia ile sauti. Haja nyingine na kompyuta sikuwa nayo. Mimi ni fundi wa kuchomelea mageti, nimeishia la saba.

Kamati ya msiba ilibakiwa na michango, na kwa kuwa spika zilizoleta balaa zilikuwa za kamati yenyewe, iliona aibu kuvunjwa. Ikajigeuza kamati ya kompyuta. Mwenyekiti alikuwa yuleyule, kiongozi wa kwaya, na mweka hazina yuleyule, shemeji yangu, kaka wa marehemu. Wakaahidi kwamba wimbo utasikika siku ya arobaini.

Alichokitaka mke wangu nilikijua, maana alikisema kila akiosha vyombo. Ram ya kutosha, ili wimbo wenye sauti nyingi usigande. Diski ya SSD, ile ya kasi. Feni isiyosikika, kwa sababu maiki iko chumba hichohicho. Na kioo kinachosema kweli, bibi harusi mweusi asitoke wa kijivu. Kadi kubwa ya gemu ya nini, alikuwa akisema, mimi nacheza?

Niliyasema hayo kikaoni. Wakanisikiliza kwa heshima anayopewa mfiwa, yaani hawakunisikiliza.

Tulipofika dukani mjini, muuzaji alituonyesha boksi dogo jeusi, halina hata mlio.

"Hii inatosha kabisa kwa muziki na picha, wazee wangu."

Shemeji akalizunguka. "Hii? Watu watasema dada tumemzika vizuri, halafu tumemnunulia kopo."

"Ile yenye taa je?" mwenyekiti akauliza.

"Ile ni ya gemu, mzee. Ram yake ni nusu ya hii. Na feni zinapiga kelele."

"Kelele ndiyo nguvu. Tupe ile, na kioo kile kikubwa kilichopinda. Au unasemaje, baba?"

Aliniuliza huku shemeji ameshatoa pesa. Hata jeneza tulilichagua hivyohivyo, kwa mng'aro na vishikio. Siku ile nilishika kishikio kimoja, na dukani nikabeba kioo.

Tulipoiwasha nyumbani, ile diski ya zamani ikiwa ndani, taa zilizunguka bluu na nyekundu, feni zikavuma kama mashine ya kusaga. Kwenye kioo kipya maharusi wote wa mke wangu walikuwa na nyuso za rangi ya chungwa. Kamati ikapiga makofi. Wimbo uliganda, tukazima, tukawasha, ukaganda tena. Mara ya tatu, chini ya mvumo wa feni, nikamsikia:

"Moja, mbili... Simameni hapo. Besi mmechelewa tena. Mwenyekiti, wewe ndiye unayewachelewesha. Haya, tunarudia."

Kisha kwaya ikaimba.

"Pale mwanzo patakatwa," mwenyekiti akasema. "Si maneno ya kusikika mbele ya padri."

"Sijui kukata," nikasema.

Ni kweli, sijui. Hawakuniuliza kama nataka kujifunza.

Siku ya arobaini shemeji aliibeba ile kompyuta mwenyewe, akaiweka juu ya meza chini ya turubai, taa zikizunguka mchana kweupe. Wimbo ukapigwa kama ulivyo. Mke wangu akahesabu, akawasimamisha, akawagombeza, akasema tunarudia. Kutoka viti vya nyuma mwenyekiti akajibu, "Sawa, mama."

Besi wa kwaya wakasimama wote, tayari kurudia.