Aliyemliza Mume Wangu

Miaka yote ya ndoa yetu sikuwahi kumwona mume wangu akilia. Alimzika baba yake kwa macho makavu. Mtoto wetu wa kwanza alipozaliwa mfu, alinishika mkono tu. Nikaamini ndivyo alivyoumbwa.

Asubuhi moja tulikuwa tunakunywa chai nyumbani, mtaa wa Katoyi, mara dada wa mume wangu akapiga simu kutoka Rutshuru. Yule mwanamke aliyekuwa mchumba wake kabla yangu alikuwa amefariki. Aliugua muda mfupi tu. Mume wangu aliweka kikombe chini, akaangua kilio. Alilia kwa sauti, kamasi zikimtiririka, hata majirani wakaja mlangoni.

Hakunyamaza. Akaanza kuhema mbio mbio, kisha akanionyesha mikono. Vidole vilikuwa vimejikunja, vimekakamaa.

"Midomo imekufa ganzi," akasema. "Ninakufa, mama watoto."

Nikaogopa kweli. Nilisimamisha pikipiki, nikampakia katikati, nyuma ya dereva, mimi nyuma yake nikimkumbatia, mpaka kituo cha afya.

Muuguzi alimpima, akasema kwa utulivu. "Papa haumwi. Umelia ukipumua mbio mno, hewa unayoitoa imezidi, ndiyo maana vidole vinakaza. Pumua polepole."

"Na hapa?" Mume wangu aligusa koo lake. "Kuna kitu kimekwama."

"Hakuna kitu. Ukilia, koo linafunguka ili hewa ipite. Ukimeza, unalilazimisha lijifunge. Hapo ndipo linauma." Akanigeukia. "Mama, mukande vidole. Amefiwa na nani?"

Mume wangu alinitazama, akainamisha kichwa.

"Dada yake," nikajibu.

Nikaanza kumkanda, kidole kimoja kimoja. Wivu ulinipanda hadi masikioni. Mwanamke huyo sikuwahi kumwona hata kwenye picha, naye alikuwa ameuingia mwili wa mume wangu hadi kwenye mishipa, mahali ambapo mimi, miaka yote hiyo, sikufika. Na bado mimi ndiye niliyekuwa nikivinyoosha vidole hivyo.

Tulipofika nyumbani nilishindwa kujizuia.

"Mtoto wetu hukumlilia."

"Siku ile wewe ulikuwa unavuja damu. Niliogopa nikianza, sitaweza kuacha."

"Na leo?"

"Leo sikujua kama naanza."

Nikaenda jikoni. Koo langu likabana, nikajaribu kumeza, likauma vilevile alivyosema muuguzi. Nilijua sasa kwamba ndani hamna kitu. Kujua hakukunisaidia. Nililia huku nikiosha vikombe, pua ikaziba, kichwa kikagonga mpaka jioni.

Aliniomba twende pamoja matangani. Nilikataa, lakini shati lake nililipiga pasi mwenyewe, kola mara mbili, ili watu wa kule waone ana mke.

Alirudi kesho yake na mfuko wa maharagwe.

"Mama wa marehemu amekutumia. Anasema asante kwa kuniruhusu."

Sikuwa nimemruhusu mtu. Nilitaka kuyapeleka yote kwa jirani, mfuko na kila kitu. Mwishowe nikayapika. Yaliiva haraka, yakawa matamu kuliko ya soko letu, watoto wakaomba yaongezwe. Hilo nalo likaniudhi.